Bwana Kheri alisema "baridi": kisa cha mmisionari kijana na theluji ya Kilimanjaro

Tarehe 11 Mei 1848, yapata saa nne asubuhi, msafara wa watu kumi ulikuwa ukikata mbuga iliyo kati ya milima ya Taita na Taveta. Aliyeongoza njia ni Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyekwisha kuizoea safari ya Uchagani. Nyuma yake walifuata wapagazi wanane. Aliyewaajiri ni Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa miaka 28, ambaye hakubeba bunduki. Mkononi alikuwa na mwavuli. Milima ya Uchagani ilikuwa imejitokeza wazi kuliko siku zilizotangulia, na juu ya kilele kimoja kulikuwa na kitu alichokidhania kuwa ni wingu jeupe zuri. Akauliza ule weupe unaong'aa ni nini. Bwana Kheri hakumtajia jina la kitu. Alisema tu: baridi. Rebmann aliliandika neno kama alivyolisikia, "beredi", na palepale akakata shauri kwamba anachokiona ni theluji.

Kwa jibu hilo moja wataalamu wa Ulaya waligombana zaidi ya miaka kumi. Kisa hiki kina maswali mawili, na ni vizuri kuyaweka pamoja ingawa kwa kawaida hutajwa la kwanza tu. Kijana yule alijuaje kuwa ni theluji, na kwa nini hakusadikiwa? Na je, ilikuwaje mtu aliyelielewa upesi namna ile neno la kiongozi wake, mwaka mmoja baadaye akashindwa kabisa kuelewa alichokuwa akiambiwa katika baraza la Mangi (yaani mtawala wa Kichaga) Mamkinga wa Machame? Kwa maoni yetu maswali haya yana jibu moja. Mazoea ya kwao yalimfaa Rebmann mlimani, na mazoea hayohayo yakamponza barazani.

Miaka miwili ya Rabai kabla ya safari

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, kijiji cha wakulima karibu na Stuttgart, katika ufalme wa Württemberg. Hili si jambo la kupamba habari. Mtoto wa Gerlingen aliona theluji kila mwaka, akijua inavyong'aa juani, inavyokaa juu ya mlima wakati bondeni imekwisha yeyuka, na inavyokufisha ganzi vidole. Alisomea kazi ya umisionari Basel, Uswisi, kisha London katika chuo cha CMS (Church Missionary Society), shirika la umisionari la Uingereza lililomtuma. Mombasa alifika tarehe 10 Juni 1846.

Alimkuta Johann Ludwig Krapf, Mwürttemberg mwenzake aliyemzidi miaka kumi. Krapf alikuwa ameingia Mombasa mwezi Mei 1844 akiwa na barua ya Sayyid Said wa Zanzibar. Kabla ya miezi mitatu kwisha alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Rebmann alipopokewa, kaburi lile lilikuwa na miaka miwili tu. Kijana aliyekuja akidhani shida yake ya kwanza itakuwa mahubiri aligundua mapema kwamba shida ya kwanza ni kubaki hai.

Homa ilimpata baada ya muda mfupi. Tarehe 25 Agosti 1846 walihama Mombasa kwenda Rabai, na siku hiyo wote wawili walikuwa wagonjwa. Walikuwa na punda mmoja, wakapokezana kumpanda wakikwea vilima. Krapf baadaye aliandika kwamba ni nadra kazi ya injili kuanzishwa katika udhaifu wa namna ile. Walichagua Rabai kwa sababu mbili. Moja, wazee wa kaya, yaani mji wa Warabai wenye boma, walikuwa wameridhia wakae. Pili, iko juu kuliko pwani, na waganga wa zama zile waliamini homa huletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Sababu hii ya pili ilikuwa nusu sahihi: sehemu ya juu yenye upepo huwa na mbu wachache kuliko kando ya hori na mikoko, lakini hewa yenyewe haikuwa na kosa. Kazi ya Ronald Ross juu ya mbu na malaria ilikuja mwaka 1897, miaka 51 baadaye. Kwa hiyo mtu alihama mahali, akalala bila chandarua, akashangaa homa imemfuata. Kwinini ilikuwa imekwisha tengwa kutoka gome la mti tangu 1820, ila kwa kawaida ilimezwa mtu akishaugua.

Nyumba ya Rabai ilikuwa ya miti na udongo, paa la makuti. Maisha ya kila siku yalikuwa ya kutembea: kwenda mashambani walikolima watu, kukaa nao kivulini, kusikiliza, kuandika maneno, kurudi. Kirabai kilihitajika nyumbani, Kiswahili kilihitajika kwa Mombasa na kwa safari. Krapf alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili tangu Juni 1844, na kamusi yake ilikuwa ikikua kila juma. Rebmann akaingia katika kazi hiyo, na ndiyo iliyomwandaa kuliko masomo yote ya Basel: mwandishi wa kamusi hujifunza kutoridhika na neno moja, huuliza lile neno hutumika wapi tena.

Mavuno ya kanisa yalikuwa haba mno. Mtu wa kwanza wa Rabai kubatizwa, mlemavu aliyeitwa Mringe, alibatizwa mwaka 1851 akiwa mahututi. Tangu kufika kwa Krapf ilikuwa miaka saba. Msomaji akiona Rebmann anafunga safari tatu za Uchagani ndani ya miezi 15 asidhani ni kupenda kutalii. Wawili wale walikuwa wamefikia uamuzi kwamba kazi ikikwama pwani itafutiwe njia ya bara, na wakati huo hakuna Mzungu aliyejua bara hilo lina nini.

Jinsi msafara ulivyopangwa

Safari ya majaribio ilikuwa Oktoba 1847, hadi mlima Kasigau, ambao Rebmann aliuandika Kadiaro. Baada ya hapo akataka kufika Uchagani. Liwali wa Mombasa hakumzuia, ila alitoa onyo kwamba asipande Kilimanjaro: mlima una majini, waliopanda walikufa au walirudi mikono na miguu imekakamaa, na hata baruti hukataa kuwaka huko juu. Tuliweke onyo hili kando kidogo, maana lina ushahidi mwingi kuliko liwali mwenyewe alivyofahamu.

Waliondoka Rabai tarehe 27 Aprili 1848. Hadi asubuhi ya tarehe 11 Mei ni siku 15, na kwa mstari ulionyooka walikuwa wamekwenda kama kilomita 200. Hiyo ni kilomita 13 au 14 kwa siku, ukichanganya siku za kupumzika. Mwendo huo si mdogo ukiijua nyika ya Taru, yenye miiba, jua na ukosefu wa mito. Maji ya Taru ni ya ngurunga, mashimo ya mwambani yanayojaa wakati wa mvua. Ndiyo maana kuondoka mwishoni mwa Aprili, masika yakiendelea, kulikuwa na akili: ngurunga zimejaa, mtu hahitaji kubeba maji ya siku nne. Ubaya wake ni kulala mahali palipolowa.

Hesabu ya chakula inaonyesha kwa nini watu tisa waliofuatana naye walikuwa idadi nzuri. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kama robo tatu ya kilo. Mzigo wa mtu mmoja ni kilo 25 hadi 30. Watu kumi kwa siku 15 wanakula kilo zipatazo 112, yaani mizigo minne. Inabaki mizigo minne mingine kwa shanga, nguo za merikani na vitu vya safari. Ukiwa na watu 30 kwa siku hizohizo, chakula kinafika kilo 340, mizigo 12, na watu wenyewe sasa ni umati unaoonekana kutoka mbali na kuulizwa hongo, yaani ushuru wa njia, kila boma. Msafara mdogo hupita kama wageni, ule mkubwa hupita kama biashara. Hesabu hii si ya daftari la Rebmann, ni yetu, lakini itasaidia tukifika Machame.

Ushahidi wa asubuhi ile

Sasa turudi mbugani. Mlima ulikuwa mbali kwa kilomita zisizopungua 60. Kwa nini tusiseme ni wingu tu?

Kwanza ni saa na majira. Anayeishi Moshi au Taveta anajua Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, huonekana asubuhi, kisha joto la mbuga hupandisha unyevu na kufikia mchana mlima umejifunika. Mvua za masika huosha vumbi hewani, ndiyo maana baada ya siku za ukungu huweza kuja asubuhi ambapo mlima unaonekana kama umesogea. Saa nne ilikuwa ukingoni mwa nafasi hiyo. Wingu hubadilika sura ukilitazama robo saa. Weupe ule ulikaa.

Pili ni lile neno. Bwana Kheri hakutumia theluji wala barafu, maneno ambayo Kiswahili kimeyachukua kutoka Kiarabu na Kiajemi. Alitaja kinachomfika mtu anayekisogelea kitu kile. Mwulizaji asiyejua majira ya baridi angeona jibu hilo ni la kukwepa, kana kwamba ameuliza rangi akajibiwa hali ya hewa. Mtoto wa Gerlingen aliona mambo mawili yamekutana: cheupe kisichoondoka, nacho kina baridi. Hakuna kitu kingine duniani chenye sifa hizo mbili kwa ukubwa wa kufunika kilele cha mlima. Chokaa ni nyeupe lakini haina baridi, na mwamba unaometa vilevile.

Tatu, naye aliendelea kuuliza. Hapa ndipo kijana anapostahili sifa, maana angeweza kuridhika na furaha ya asubuhi ile. Alikaa chini akafungua Biblia yake ya Kiingereza, akaisoma Zaburi ya 111 iliyokuwa zamu yake siku hiyo, kisha siku zilizofuata akaendelea kukusanya habari. Alipovuka mto Gona unaoshuka kutoka mlimani alitambua ubaridi wa maji yake. Watu wa Uchagani walimwambia weupe ule wanauita kibo. Akasimuliwa kwamba zamani mangi mmoja aliwatuma watu wakautazame, wakidhani labda ni fedha, na kwamba kitu kile kilipoletwa chini katika vyombo kilikutwa ni maji matupu. Wengi waliopanda walikufa kwa baridi, na waliorudi walikuwa na mikono na miguu iliyoharibika.

Hapo ndipo onyo la liwali linapopata maana. Vidole kukakamaa na kufa ni jeraha la baridi kali, linajulikana kwa kila askari wa nchi za theluji. Baruti kutowaka ni jambo la unyevu. Watu wa pwani na wa Uchagani walikuwa wamehifadhi habari sahihi ya tukio, wakaifasiri kwa majini kwa sababu hawakuwa na kisa kingine cha kulinganisha. Rebmann aliichukua habari akaiacha tafsiri. Kuna waliofanya kinyume: waliposikia majini waliitupa habari yote.

Leo tunaweza kuongeza hesabu ambayo yeye hakuwa nayo. Mbuga ya Taveta iko kama mita 750 juu ya bahari, na wastani wa joto lake ni digrii 24 hivi. Joto hupungua kwa kadiri ya digrii 6 kila ukipanda mita 1,000. Kibo ina mita 5,895. Tofauti ni mita 5,145, sawa na upungufu wa digrii 31, kwa hiyo kileleni panabaki digrii 7 chini ya sifuri. Mstari wa sifuri unaangukia karibu na mita 4,750. Katika hesabu hiyo ikweta haizuii kitu.

Kwa nini London haikusadiki

Habari za Rebmann zilichapishwa London mwezi Mei 1849 katika toleo la kwanza la jarida la CMS. Aliyesimama kupinga kwa nguvu ni William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, na ambaye mwaka 1852 alitoa kitabu kizima kuhusu bara la ndani.

Si haki kumfanya Cooley kuwa mjinga. Alikuwa msomaji hodari wa maandishi ya Kireno na Kiarabu, na hata ushahidi wa Waswahili aliutumia: miaka ya 1830 alimhoji mfanyabiashara Khamis bin Uthman aliyekuwa amefika London. Hoja yake dhidi ya Rebmann ilikuwa kwamba kijana hakuigusa theluji. Aliona weupe kwa mbali, akaongeza mawazo yake mwenyewe. Kama hoja ya kukagua ushahidi, ina uzito. Taarifa ya Rebmann haikuwa na kipimo cha urefu, na urefu ambao Krapf aliukadiria baadaye, futi 12,500, ulikuwa mdogo mno kwa theluji ya kudumu katika latitudo ile. Upungufu huo ulimpa mpinzani silaha. Lau Rebmann angeandika habari zake kwa mafungu, hili nimeliona kwa macho, hili nimeambiwa na fulani, hili nimelikisia, ubishi ungekuwa mfupi.

Bado Cooley alikosea, na alikosea mahali ambapo vitabu vyake mwenyewe vingemwokoa. Ulaya ilikwisha kujua kwamba ikweta na theluji hukaa pamoja. Alexander von Humboldt alipanda Chimborazo, Amerika ya Kusini, mwaka 1802, mlima wenye theluji ya kudumu ulio karibu kabisa na ikweta. Kilichokataliwa kwa Rebmann hakikuwa sheria ya maumbile, ilikuwa shahidi: mmisionari asiye na vifaa, aliyetegemea neno la kiongozi wa msafara. Hata Krapf aliposafiri Ukambani na kuuona mlima huohuo Novemba 1849, kisha tarehe 3 Desemba kutoka Kitui akaona mlima wa pili wenye weupe, yaani Mlima Kenya, idadi ya mashahidi haikubadili kitu. Wakamba walimwambia kuwa Kilimanjaro wao wanauita mlima wa weupe. Huyo ni shahidi wa lugha nyingine, wa upande mwingine wa mlima, asiyejuana na Bwana Kheri.

Safari ya pili ilipaswa kumaliza maneno. Kuanzia Novemba 1848 hadi Februari 1849 Rebmann alifika Kilema, Uru na Machame, akalala chini ya mlima, na theluji akaiona hata kwa mbalamwezi. Maelezo yake ya safari hiyo ni sahihi kiasi kwamba mwongozaji wa watalii leo angeweza kuyatumia: vilele viwili juu ya msingi mmoja, kati yake bonde lenye umbo la tandiko, cha mashariki kifupi na chenye ncha, cha magharibi kirefu, mviringo kama kuba, kina theluji mwaka mzima, ilhali cha mashariki hupoteza theluji yake wakati wa joto. Hivyo ndivyo Mawenzi na Kibo vilivyo.

Machame: kilichoharibika

Katika ziara ya kwanza Mangi Masaki wa Kilema alimfanyia mgeni kishongo: akachinjwa kondoo, ukakatwa ukanda wa ngozi ya paji la uso, ukavishwa kidoleni kuwa alama ya urafiki. Rebmann aliipokea desturi hiyo kwa adabu, naye alilindwa. Katika ziara ya pili Mamkinga wa Machame, mangi mwenye nguvu kuliko Masaki, alimpokea vizuri. Kutokana na mapokezi hayo akapanga jambo kubwa: kupita Machame kuelekea Unyamwezi, mbali bara upande wa magharibi.

Aliondoka tarehe 6 Aprili 1849 na watu 30. Mizigo ilikuwa ya safari nzima, nguo na shanga za kulipia njia ya miezi mingi. Alipofika Machame, kila siku kilidaiwa kitu, leo kwa mangi, kesho kwa ndugu zake na wakubwa wa baraza, hadi bidhaa zote zikaisha kabla njia ya mbele haijafunguliwa. Kijana alilia. Mangi aliambiwa kuwa mgeni analilia mali yake. Rebmann akajibu kwamba halilii mali kwa kuwa ni mali, ila ilitolewa na watu wema wa kwao ili habari njema ifike mbali zaidi.

Tukiisoma habari hii kwa jicho la baraza, Mamkinga hakuwa amebadilika. Mangi ndiye aliyeshika biashara ya pembe za ndovu na misafara ya pwani. Mgeni anayeingia kwake anaingia chini ya ulinzi wake, na zawadi hupimwa kwa ukubwa wa mgeni. Mtu aliyekuja na wachache alitoa kidogo, ikatosha. Mtu yuleyule akija na mizigo ya watu 30 ametangaza mwenyewe cheo kipya. Isitoshe, anasema mali hii inakwenda mbele, kwa watawala wengine. Kwa Rebmann bidhaa zile zilikuwa amana ya waumini wa Ulaya, kila dhiraa ina kazi yake. Kwa mwenyeji zilikuwa karamu iliyopitishwa mlangoni pake ili ikaliwe kwa jirani.

Wafanyabiashara Waswahili nao walitozwa hongo, lakini walikuwa na kinga ambayo mmisionari hakuwa nayo: walinunua. Mangi akimnyang'anya mchuuzi wa pembe leo, mwaka ujao hana wa kumuuzia. Rebmann hakununua pembe wala kuuza kitu, kwa hiyo faida ya kuwa naye ilikuwa moja, nayo ilipatikana mara moja tu. Hapa ndipo tunapomwona kijana akishindwa kufanya alichokifanya mbugani. Aliposikia "baridi" aliuliza zaidi: wanakiitaje, kilipoletwa chini kilikuwaje, waliopanda walirudije. Alipodaiwa nguo alidhani anajua maana yake tayari, ya kwamba huu ni uroho, kwa kuwa kwao mgeni hadaiwi zawadi. Swali la kumuuliza Bwana Kheri na wenziwe kabla ya kutoka Rabai lilikuwa jepesi: mtu asiyefanya biashara, akiwa na mizigo ya watu 30, atapitaje kwa Mamkinga? Yaelekea jibu lingekuwa asipite na mizigo hiyo.

Kuondoka nako kulikuwa na malipo. Watu wa Machame walimtemea mate wakimtakia safari njema, kisha wakadai ujira wa kazi hiyo. Alichukizwa sana. Uchagani, kama kwa Wamaasai, mate ya mkubwa ni baraka, na baraka ya njia ndefu haitolewi bure. Hata hivyo hatumlaumu kwa kutoona heshima ndani yake siku ile: alikuwa ameporwa, mgonjwa, na mvua ilikuwa ikinyesha. Alirudi akilala ardhi iliyolowa, ana homa na harisho la damu, akaingia Rabai tarehe 27 Juni 1849. Zilikuwa zimepita karibu wiki 12.

Hakwenda tena Uchagani. Lakini desturi ya kuuliza wasafiri hakuiacha, na mipaka yake ilionekana katika ramani aliyoichora na mwenzake Jakob Erhardt, iliyochapishwa mwaka 1856. Walikusanya habari za watu wa misafara ya njia mbalimbali. Kila mmoja alisema njia yake inaishia kwenye maji makubwa. Wakayaunganisha maji yote kuwa ziwa moja refu mno, nalo kumbe ni maziwa matatu, Nyasa, Tanganyika na lile la Ukerewe (ndilo Viktoria la leo). Mashahidi hawakusema uongo hata mmoja. Halikuulizwa tu swali moja: mtu akitembea kando ya maji haya kwenda kaskazini, atafika kwenye maji yale? Ramani hiyo yenye kosa ndiyo iliyochochea safari ya Burton na Speke ya mwaka 1857.

Ubishi ulivyokwisha

Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken na mwanajiolojia Mwingereza Richard Thornton walifika Kilimanjaro na kuupima. Mwaka uliofuata Decken alirudi na Otto Kersten, wakapanda hadi kama mita 4,300, na theluji ikawaangukia usiku. Cooley alisema hiyo nayo ni hadithi ya wasafiri. Wengine walitosheka. Mmisionari Charles New, ambaye naye alitokea pwani ya Mombasa, aliifikia theluji yenyewe kwa mikono yake mwaka 1871, akiwa na wenyeji waliokubali kupanda naye. Kilele cha Kibo kilifikiwa na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwezi Oktoba 1889.

Rebmann hakuyaona hayo ya mwisho. Alikaa pwani miaka 29 bila kurudi Ulaya, akamzika mkewe Emma mwaka 1866, akaendelea na kamusi zake na tafsiri ya Injili ya Luka kwa Kiswahili huku macho yakififia. Mwaka 1875, alipoondoka Mombasa akiwa hawezi tena kujiongoza, alishikwa mkono na Isaac Nyondo, mwana wa Rabai, aliyesafiri naye hadi Ujerumani. Alikaa Korntal, kilomita chache kutoka Gerlingen alikozaliwa, akafa huko tarehe 4 Oktoba 1876. Katika miaka 30 aliyokuwa ametoka kwao, majira ya baridi aliyoyakuta Ujerumani yalikuwa hayo mamoja tu, na weupe wake hakuweza kuuona. Kilichobaki kumfikia ni kile alichokuwa ametajiwa na Bwana Kheri.